Bima italipia kutoa matiti ya silikoni? Inategemea imeuliza swali gani

Ofisi yangu iko ghorofa ya kwanza barabara ya Biashara, juu ya duka la leso. Dirisha likiwa wazi nawasikia wateja huko chini wakimchosha muuzaji: hii rangi yake nzuri ila jina lake la ugomvi, hii jina tamu ila nikimpa wifi atadhani namsema. Sijaona mwanamke wa Mombasa anayelipia leso kabla ya kusoma jina. Mkataba wa bima ya matibabu, unaomgharimu kwa mwaka bei ya leso nyingi tu, huo anaupokea kwa simu, anatazama kikomo cha kulazwa ni shilingi ngapi, anachukua kadi yake, basi.

Mwaka jana alipanda ngazi zangu mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo za watoto, barua mkononi. Hakuketi. Aliiweka mezani akaigonga kwa kidole.

"Hebu nisomee hapa, dada. Mimi nimeisoma mara tatu na kila mara naona natukanwa."

Barua yenyewe ilikuwa na sentensi moja ya maana. Ilikuwa ya Kiingereza, naitia Kiswahili: ombi la idhini limekataliwa kwa kuwa upasuaji wa urembo haulipwi na mkataba huu. Titi lake la kushoto lilikuwa limekaza kama embe bichi na kupanda juu kuliko la kulia, na kwapani kumeota vijivimbe. Usiku hawezi kulalia upande huo. Vipandikizi aliwekewa nje ya nchi miaka 11 nyuma, baada ya kunyonyesha watoto watatu, kwa pesa zake mwenyewe. Bima hakuiomba imrembeshe. Aliiomba imtoe maumivu. "Sasa urembo uko wapi hapa?" akaniuliza, na kwa kweli swali lake ndilo kiini cha jambo zima.

Kwanza neno lenyewe, maana limeshanipotezea saa nzima kwenye simu na karani mmoja. Huku kwetu ukisema kipandikizi, watu wengi wanafikiria kile kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa kwenye mkono. Ukipiga simu bima ukasema unataka kutolewa kipandikizi, utaunganishwa na dawati la uzazi. Sema kipandikizi cha titi, au sema silikoni, utaeleweka mara moja. Aina ni mbili: mfuko uliojaa jeli ya silikoni, na mfuko uliojaa maji ya chumvi. Tofauti hiyo tutaihitaji baadaye, kwa sababu kuna bima zinazolipia mmoja ukipasuka na kumwacha mwenye mwingine ajilipie.

Maswali mawili

Anayesoma ombi lako kule kwenye kampuni ana maswali mawili kichwani. La kwanza: viliwekwa kwa nini? La pili: vinatolewa kwa nini? Mgonjwa hujibu la pili tu, kwa sababu ndilo linalomuuma. Kampuni nyingi huanza na la kwanza na zikipata jibu la "urembo" haziendelei kusoma. Mgogoro karibu wote unaouona kati ya wanawake na bima kuhusu jambo hili umo hapo: wawili wanajibizana, kila mmoja na swali lake.

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani akajengewa jingine kwa silikoni, swali la kwanza kwake lina jibu la ugonjwa. Mfuko ukipasuka, ni mwendelezo wa matibabu ya saratani. Mwanamke aliyeongeza ukubwa kwa hiari yake, mfuko ukipasuka vilevile, jeli ikatiririka vilevile, kwake mlango wa kwanza umefungwa na inabidi agonge wa pili. Mwili haujui tofauti hiyo. Karatasi ndizo zinazoijua.

Marekani jambo hili limeandikwa hadi kwenye sheria. Tarehe 21 Oktoba 1998 ilipitishwa sheria inayosema bima ya matibabu ikilipia kuondoa titi, basi ni lazima ilipie na kulijenga upya katika hatua zake zote, na titi la pili lifanyiwe kazi ili yalingane, na matatizo ya mwili yanayofuata, ukiwamo uvimbe wa mkono. Aliyeweka kwa urembo hakutajwa humo. Kenya hatuna sheria ya namna hiyo inayotaja titi kwa jina. Hapa kila kitu kinarudi kwenye maneno ya mkataba ulioutia sahihi, au uliotiwa sahihi na mwajiri kwa niaba yako.

Usidhani serikali zenyewe zina hekima kuliko kampuni. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kwamba kiwanda cha PIP, cha bwana Jean-Claude Mas, kilikuwa kikijaza mifuko yake jeli ya viwandani badala ya ile ya hospitali. Mifuko hiyo ilikuwa inapasuka kupita kiasi, na wanawake waliokuwa nayo duniani walikadiriwa kufika 300,000. Mwishoni mwa 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake wake wavitoe na ikakubali kulipia kuvitoa kwa kila mmoja, bila kuuliza aliviweka kwa nini. Lakini kuweka vipya? Hapo likarudi swali la kwanza: walilipiwa waliokuwa wamejengewa titi baada ya ugonjwa tu. Uingereza nayo, mapema 2012, ilisema hospitali za umma zitawabadilishia wale ziliowawekea zenyewe, na wa kliniki za binafsi watatolewa ikiwa kliniki yao imekataa au imefungwa, ila hawatawekewa vingine. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwishoni mwa 2013. Walioweka kwa hiari wakabaki na vifua vilivyosinyaa na kovu.

Mimi naona mgawanyo ule wa Ufaransa, kutoa ni tiba na kuweka vipya ni hiari, ndio wenye akili kidogo katika jambo hili. Nitarudi kwake, kwa sababu ndio uliomwokoa yule mama.

Linaloharibika ni nini hasa

Daktari akikiweka kipandikizi, mwili unakizungushia kovu. Ni kawaida yake, kila kigeni usichoweza kukitema unakijengea ukuta. Shida inakuja kovu lile likianza kukaza na kukikamua kile kilichomo ndani. Madaktari hulipima kwa madaraja manne, huyaita madaraja ya Baker. La kwanza, titi ni laini kama ambalo halikuguswa. La pili, limekaza kidogo mkononi ila kwa macho huoni kitu. La tatu, gumu na umbo limeharibika. La nne, gumu, limeharibika, na linauma. Tarakimu hii ndogo ndiyo pesa. Kampuni nyingi za Marekani hulipia kutoa kwenye daraja la nne hata kama viliwekwa kwa urembo, na kwenye la tatu hulipia zaidi wale wa saratani. Za huku kwetu aghalabu haziandiki madaraja kwenye vitabu vyao, lakini daktari anayezishauri ameyasomea, na barua isiyotaja daraja anaiona ni malalamiko tu ya mtu.

Kupasuka kuna hadithi yake. Mfuko wa maji ya chumvi ukitoboka, titi linasinyaa ndani ya siku chache na maji yanafyonzwa na mwili bila madhara. Kwa hiyo bima inasema: hujaumwa, umepoteza umbo tu, na umbo ni urembo. Ni ukatili, ila una mantiki yake. Mfuko wa jeli ukipasuka unaweza usijue. Titi linakaa vilevile, jeli inakaa ndani ya kovu au inatambaa hadi kwenye tezi za kwapani. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ilishauri mwenye silikoni apimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka mitano au sita baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama haumwi popote. Aliyeambiwa na kliniki kwamba ni vya maisha alidanganywa. Vifaa hivi havikukusudiwa kukaa mwilini mpaka uzeeni, na FDA yenyewe inasema hivyo.

Maambukizi ni habari fupi: homa, wekundu, usaha. Hiyo ni dharura, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Nenda hospitali, ya karibu, leo. Habari za nani atalipa zitazungumzwa ukiwa kitandani na dripu mkononi, na mtu wa nyumbani apige simu bima siku hiyohiyo kwa sababu mikataba mingi hutaka ijulishwe haraka baada ya kulazwa kwa dharura.

Halafu kuna saratani isiyo ya titi. Watu hushtuka nikisema hivyo. Ni limfoma, saratani ya chembe za kinga, inayoota kwenye kovu lile lililokizunguka kipandikizi, hasa vile vyenye ngozi ya kukwaruza badala ya laini. Kwa kifupi huitwa BIA-ALCL. FDA ilitangaza kwamba huenda kuna uhusiano mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani likaitambua mwaka 2016, na tarehe 24 Julai 2019 kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya ngozi ya kukwaruza iitwayo Biocell. Wakati huo hesabu ya FDA ilikuwa wagonjwa 573 ulimwenguni na vifo 33, na kati ya wagonjwa hao 481 walikuwa na vya Allergan. Ni ugonjwa adimu, na FDA haikumshauri asiye na dalili akavitoe. Lakini titi likivimba ghafla miaka mingi baada ya kuwekewa, likajaa maji, hilo si la kungoja Ramadhani iishe. Maji yale yanyonywe kwa sindano, yapelekwe maabara yapimwe, na daktari aandike kwenye fomu ya maabara kwamba anashuku limfoma hiyo, maana kipimo chake si cha kawaida.

Kwa bima, hapa mambo hubadilika kabisa. Saratani ni saratani. Tiba yake ya kwanza ni kukitoa kipandikizi pamoja na kovu lote, na kampuni ikitaka kusema hilo ni urembo itabidi iandike kwa wino na kutia sahihi. Sijawahi kuona yenye uso wa kufanya hivyo. Ajabu ya Allergan ni kwamba iliwapa wateja wake wengine laini bila malipo, lakini ada ya upasuaji wa kubadilisha, kwa ambao hawakuwa wagonjwa, haikuilipa. Unapewa mlango bure, fundi wa kuuweka ujitafutie.

La mwisho ndilo gumu: wanawake wanaochoka, viungo vinauma, nywele zinakatika, akili inakuwa na ukungu, na vipimo vyote vinarudi safi. Tangu 2021 FDA imelazimisha dalili za namna hii zitajwe kwenye orodha ambayo mgonjwa huisoma na daktari kabla ya kuwekewa, na wapo wengi wanaosema walipata nafuu baada ya kuvitoa. Hata hivyo hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha, na bima hulipa kwa jina la ugonjwa. Ombi lililoandikwa "uchovu unaodhaniwa kusababishwa na silikoni" karibu kila mara hukataliwa. Mwanamke huyohuyo akikaguliwa vizuri anaweza kukutwa ana kovu la daraja la nne ambalo hakulitaja kwa sababu uchovu ulimzidi. Akaguliwe kwanza, ombi liandikwe baadaye.

Kile kitabu usichokisoma

Turudi Mombasa. Fungua kitabu cha bima yako, ruka picha za familia zinazocheka, nenda kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Tafuta neno urembo. Mara nyingi utakuta moja ya sentensi mbili. Ya kwanza: upasuaji wa urembo haulipwi, isipokuwa umetokana na ajali au saratani iliyotokea ukiwa na bima. Ya pili: upasuaji wa urembo na matatizo yatokanayo nao hayalipwi. Yale maneno machache ya nyongeza, "na matatizo yatokanayo nao", ndiyo tofauti kati ya mwenye hoja na asiye nayo. Yakiwepo, uko kwenye kilima kirefu. Yasipokuwepo, kilichokatazwa ni urembo, na kutoa mfuko uliopasuka si kumrembesha mtu. Sheria ya mikataba ina kanuni ya zamani kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika si wewe.

Angalia pia kipengele cha magonjwa yaliyokuwapo kabla hujajiunga. Kampuni inaweza kusema kipandikizi ulikuwa nacho kabla ya bima, kwa hiyo matatizo yake ni ya zamani. Jibu lake ni tarehe. Kipandikizi chenyewe si ugonjwa. Kama ripoti inaonyesha kovu limeanza kukaza mwaka huu, ugonjwa ni wa mwaka huu. Bima za kazini, zinazochukua wafanyakazi wengi kwa mkupuo, mara nyingi hulegeza kipengele hiki. Za mtu binafsi huwa na muda wa kusubiri, na zinauhesabu kwa siku.

Kuna jambo hapa linanikera, na nitalisema. Fomu ya kujiunga huuliza kama umewahi kufanyiwa upasuaji wowote. Wanawake wengi huruka swali hilo. Si waongo. Fomu inajazwa sebuleni mume akichungulia, au mbele ya wakala kijana anayemfahamu kaka yako, au inapitishwa kwa karani wa kazini anayekula chakula cha mchana na nusu ya ofisi. Miaka sita baadaye MRI inaonyesha silikoni, kampuni inafungua fomu, inasema ulificha, na hapo inaweza kukataa kila kitu, hata kilicho halali. Habari za afya ni siri inayolindwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Omba uijaze fomu peke yako, uifunge kwenye bahasha. Na ukiwa kwenye kadi ya mume, kumbuka ujumbe wa idhini mara nyingi hutumwa kwenye simu ya mwanachama mkuu. Ambaye hajamwambia mumewe atajua kupitia bima, na hizo si habari za kupokea ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni. Uliza mapema kama namba inaweza kubadilishwa.

SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nitaipita haraka. Inakata asilimia 2.75 ya mshahara, au isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na inalipa kwa vifurushi vya huduma vilivyotangazwa na serikali, kila kimoja na bei yake. Kwa hiyo kule hakuna kubishana na afisa juu ya maana ya urembo. Kuna dawati la hospitali linalotazama jina la ugonjwa na kifurushi chake. Mwenye saratani ana mlango wake huko, na mwenye usaha atatibiwa usaha. Mwenye kovu lililokaza aende na ripoti Hospitali Kuu ya Pwani aulize dawati hilo kabla ya kupangiwa tarehe. Wengi wenye kadi ya bima ya binafsi wana SHA pia, na hospitali hutumia SHA kwanza kupunguza bili inayokwenda kwa bima ya binafsi. Usiiache nyumbani.

Barua ya kwanza na ya pili

Sasa yule mama. Nilimwomba anipe nakala ya ombi ambalo daktari alilipeleka bima, si barua ya kukataliwa. Watu huleta kukataliwa. Tatizo mara nyingi liko kwenye kuomba. Lilikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wa haraka: mgonjwa ana vipandikizi vya zamani, anasikia maumivu, aombewe kutolewa pande zote mbili na kuwekewa vipya. Afisa wa madai aliposoma "kuwekewa vipya" hakuhitaji kuendelea. Ule mgawanyo wa Ufaransa niliousema, kutoa mbali na kuweka mbali, daktari wetu aliuchanganya kwenye sentensi moja, na sentensi nzima ikazama na sehemu yake ya urembo.

Akarudi kwa daktari. Alikuwa bado na ile kadi ndogo ya plastiki aliyopewa siku ya kuwekewa, imekaa miaka 11 ndani ya bahasha ya kitambulisho cha zamani: jina la kiwanda, ujazo, namba ya kila kipandikizi, kushoto na kulia. Kadi hiyo ni dhahabu. Ndiyo inayosema ni jeli au maji, ngozi laini au ya kukwaruza, na kama kimo kwenye orodha ya vilivyoondolewa sokoni. Ambaye hana aombe rekodi zake kliniki iliyomwekea, hata kama ni ng'ambo, tena kwa maandishi.

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. MRI ya tarehe fulani imeonyesha mfuko wa kushoto umepasuka na jeli imefika kwenye tezi za kwapa. Kovu la kushoto ni daraja la nne la Baker. Mgonjwa ametumia dawa za maumivu kwa miezi minne bila nafuu. Kinachoombwa ni kutoa kipandikizi pamoja na kovu lake, na kulipeleka kovu maabara kupimwa. Hakiwekwi kingine. Ukimaliza kuisoma hukutani na neno hata moja la umbo. Nami nikaandika yangu fupi, nikinukuu ukurasa na sentensi ya mkataba wake, ile ya kwanza isiyo na nyongeza, nikauliza: ni neno gani hapa linalokataza matatizo? Tukazipeleka kwa mkono, tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Barua pepe husemekana haikufika, muhuri haubishaniwi.

Kampuni ingekataa tena, hatua iliyofuata ilikuwa kulalamika kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima, ambayo hupokea malalamiko ya mwenye bima bila kumtoza. Nyuma yake kuna baraza la rufaa za bima, na mahakama. Lalamiko dhidi ya daktari ni jambo jingine, hilo huenda kwenye baraza la madaktari, KMPDC, na watu huyachanganya wakapoteza miezi. Hatukufika huko. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili na ushei.

Akapanda tena ngazi zangu. Safari hii alikaa, akanipa karatasi. Imeidhinishwa: kutoa kipandikizi cha kushoto na kovu lake, kipimo cha maabara, siku mbili za kulazwa. Kimya. Akavuta leso yake begani.

"Na wa kulia ni wa jirani?"

Wa kulia ulikuwa mzima. Daktari hawezi kutia sahihi kwamba umepasuka wakati haujapasuka, na bima yake haikuwa na sharti la kulinganisha pande mbili kama ile ya Marekani kwa wenye saratani. Lakini mtu hulazwa usingizi mara moja. Tulimwomba daktari atoe bei ya kulia peke yake, ikiwa inafanywa siku ileile na kwenye meza ileile: ada yake ya upande mmoja na muda wa ziada wa chumba cha upasuaji. Kitanda na siku za kulazwa zilikwenda na kushoto, na dawa ya usingizi pia, isipokuwa kipande cha ule muda wa ziada. Ilikuwa chini sana ya nusu ya bili nzima. Zamu yake kwenye chama chake cha kuchangiana pesa ilikuwa imemfikia mwezi ule.

Siku ya kutoka hospitali alikuta bili mbili, moja ya bima na moja yake. Alilipa yake kwa M-Pesa palepale dawatini, mkono wa kushoto ameukunja kifuani asiuguse, kisha akaninyooshea risiti nimsomee, mstari mmoja mmoja, kabla hajaitia pochini.